Aliyeanza Ndiye Anyanyue Mguu

Fidla ya marehemu ilikuwa imelala kabatini tangu mazishi, lakini Tamsin alipofungua kasha lake pale kwenye kiwanja cha tamasha, aliikuta imekazwa nyuzi zote. Aligusa uzi mmoja, ukalia sawasawa. Akagusa wa pili, nao hivyo hivyo. Fidla isiyoguswa tangu kiangazi kilichopita huwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na mpigaji huhangaika nayo mpaka shingo imuume. Hii ilikuwa tayari, tena kwa ule mkazo wa juu ambao Emmett, marehemu mumewe, aliutumia kwa wimbo mmoja tu.

"Umeikaza wewe?" Delphia alimuuliza.

"Sijaigusa, shoga. Labda ni joto la gari."

Joto la gari hulegeza nyuzi, halikazi, na Delphia aliyepiga banjo tangu utotoni alilijua hilo vizuri. Lakini mwenzake alikuwa anatabasamu, na tabasamu la Tamsin lilikuwa halijaonekana tangu wamzike mumewe. Akameza maneno yake, akaendelea kupigilia vigingi vya hema.

Walikuwa wanne sasa; zamani walikuwa watano. Kila kiangazi walikutana kwenye tamasha la Bonde la Stiltner, huko milimani West Virginia, wakapiga hema mahali pale pale karibu na mto, mbali na jukwaa. Jukwaa ni la watu wa mjini, wanaokuja na miwani ya jua na kuondoka Jumapili wamebabuka ngozi. Wenye tamasha lao wana shughuli nyingine. Hupanga viti duara chini ya turubai, hupika maharage na mkate wa mahindi, hupitishiana gongo kwenye chupa ya jamu, na hupiga muziki wao wenyewe mpaka vidole viote sugu juu ya sugu.

Duara lina adabu zake. Aliyeanza wimbo ndiye anayeumaliza, naye hawezi kusema "basi" kwa mdomo, kwa kuwa hakuna atakayemsikia, wala kwa mkono, kwa kuwa mikono ina kazi. Hunyanyua mguu. Mguu ukishapanda, wote wanajua kwamba huu ndio mzunguko wa mwisho; wanaumaliza kwa heshima na kuacha pamoja. Na kiti kikiachwa kitupu ndani ya duara, maana yake ni karibu. Yeyote apitaye atakaa, wala hataulizwa jina. Mtoto wa kule hunyonya adabu hizo pamoja na maziwa, na ndiyo maana hakuna anayekumbuka kuziogopa.

Verlin, fundi wa mapaa na mpiga gitaa, alikuwa na mdomo usio na mlango. Kama kila mwaka, alianza na banjo ya Delphia, ambayo uso wake ulikuwa wa ngozi halisi ya ndama wakati dunia nzima imehamia plastiki.

"Bado unatembea na huyo mtoto wa ng'ombe?" alisema. "Likidondoka tone moja la mvua kitu chako kinalia kama mkate uliolowa chai."

"Plastiki haina roho," Delphia alimjibu.

"Roho tunazo za kutosha hapa, bibie." Kisha akamwona Tamsin amesimama na ile fidla kifuani, akatamani kujing'ata ulimi.

Hoyt, mpiga besi, ile ala kubwa kama fidla inayopigwa kwa kusimama nayo, mtu mpole wa kanisani, ndiye aliyeichukua fidla kutoka kwa Tamsin. Aliisogeza sikioni, akaitikisa. Kwenye milima ile fidla haiachwi tupu. Hutiwa ndani njuga ya mkia wa nyoka, ifukuze unyevu, panya, na yule asiyetajwa. Ya Emmett ilikuwa ikisikika ikikwaruza kila alipoishika. Hoyt aliitikisa tena. Kimya.

"Njuga iko wapi, Tamsin?"

"Nilimwekea mfukoni alipolazwa. Aliipenda."

Hoyt aliirudisha fidla kwa mikono miwili, taratibu, kisha akajifuta viganja kwenye suruali.

Halafu Tamsin alileta kiti cha tano. Kilikuwa cha Emmett, cha kukunja, mkono wake mmoja umefungwa kwa mkanda wa gundi. Alikiweka ndani ya duara na juu yake akailaza fidla. Hoyt alimwomba walau akigeuze kitazame nje, au akitupie koti, kionekane kina mwenyewe. Tamsin alisema mwenyewe anajulikana. Basi Verlin, akitaka kusahihisha kosa lake la mdomo, aliinua chupa ya gongo kukielekea kiti na kusema, "Karibu, bwana. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wakacheka wote, hata Tamsin. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani aliyewahi kuukumbuka msemo huo kabla ya usaha?

Jioni ile wapigaji wengi walipita kwenye duara lao. Wengine walisimama, wengine walikalia maboksi ya barafu, mmoja alikaa chini kwenye nyasi zenye umande, lakini kile kiti hakuna aliyekikalia. Waliokikaribia walijisugua mikono kama waliopigwa na baridi. Delphia alikaa upande wa pili na alikuwa akisikia harufu ya ulimbo wa kusugulia upinde, kali, kana kwamba mtu ameusugua sasa hivi, na nyuma yake harufu ya udongo uliochimbwa. Alijiambia ni mto.

Siku ya pili, mchana, mvua ikaja. Mawingu yalishuka mpaka yakakalia miti, jukwaa kuu likafungwa, watu wakajikunyata kwenye mahema. Marafiki wanne walibaki chini ya turubai lao, maji yakimwagika pembeni kama mapazia, na wakaanza kupiga nyimbo nyepesi ili kupitisha muda. Banjo ya Delphia ilikuwa imeanza kulegea na Verlin hakuacha kumkumbusha.

Hapo Tamsin akasema anataka kupiga ule wa Emmett.

Wote walijua ni upi. Uliitwa "Maji Yamefika Mlangoni", nao Emmett hakuurithi kwa mtu. Alidai aliuokota usingizini akiwa na homa. Tangu afe hakuna aliyekuwa ameupiga. Tamsin alichukua fidla yake mwenyewe, akakaza nyuzi juu kama mumewe alivyokuwa akikaza, akavua viatu kwa kuwa hakuwahi kupiga akiwa navyo, akakanyaga ardhi kwa mguu wa kushoto na kuanza. Aliupiga mzunguko wa kwanza peke yake, macho amefumba, machozi yakimtiririka mpaka kwenye mbao. Wa pili Delphia akaingia na banjo. Wa tatu wakaingia Verlin na Hoyt.

Mzunguko wa nne fidla zilikuwa mbili.

Delphia alisikia kabla ya kuona. Fidla ya pili ilipanda chini ya ile ya kwanza na kuibeba, na upinde ule ulikuwa na kigugumizi kidogo mwishoni mwa kila mstari, kigugumizi cha mtu aliyewahi kuvunjika kiwiko, na mtu huyo alikuwa Emmett. Alipoinua macho, kiti kilikuwa na mtu. Alivaa suti nyeusi na kofia imeshushwa mbele, na ijapokuwa hapakuwa na njia ya kufika pale isipokuwa kupita mvuani, alikuwa mkavu. Viatu vyake vilikuwa vipya. Uwanja mzima ulikuwa tope, na soli zake zilikuwa safi kama zilivyotoka dukani, kwa sababu hazikugusa chini. Miguu yake ilining'inia juu ya tope, kama ya mtoto aliyekalishwa kiti cha wakubwa.

Wenyeji wa kule wana jina lao la kumwita, na wengi hawalitamki. Mimi nimeishi nao muda mrefu na nawaheshimu, ila nililelewa kwenye watu wanaomjua jini, na nikisimuliwa jini namtambua.

Delphia alitaka kupiga kelele lakini mdomo haukumsikiliza. Akataka kuacha banjo, vidole vikaendelea. Alimtazama Verlin, akamwona naye anaitazama mikono yake mwenyewe kwa mshangao, kama mtu anayemtazama mbwa wake akimng'ata. Hoyt alikuwa anasali, midomo ikienda, na vidole vyake vikivuta nyuzi nene za besi kwa nguvu ambayo mikono yake mipole haikuwahi kuwa nayo. Tamsin peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Alikuwa amefumbua macho na kugeuka kuelekea kile kiti, na uso wake ulikuwa wa bibi arusi.

Wimbo ukaongeza kasi.

Hakuna ajuaye ilichukua muda gani, maana mzunguko ulifuatwa na mzunguko bila pumzi katikati. Mume na mke kutoka hema la jirani waliusikia, wakatoka na makoti yao ya mvua wakicheka, wakasimama ukingoni mwa turubai na kuanza kucheza kwa visigino kama watu wa kule wachezavyo, na kwa kitambo walikuwa wanacheka bado. Kisha mke akaacha kucheka. Mume aliteleza, kifundo chake kikavunjika kwa mlio uliosikika juu ya muziki, naye akaendelea kucheza juu ya mfupa uliotokeza kwenye soksi, akilia kwa jina la mama yake, na kila aliposhusha mguu ule tope lilimrukia likiwa jekundu.

Vidole vya Verlin vilianza kutoka damu. Kwanza sugu zilibanduka, zile sugu alizozijengea miaka yote, zikaning'inia kama maganda ya kitunguu, kisha nyama, na nyuzi za chuma ziliendelea kupita mle mle zilimopita, zikisaga, mpaka gitaa likaanza kutoa sauti nyingine, kavu, ya mfupa kwenye chuma, na uso mzima wa gitaa ukawa unatiririka. Hoyt aliona. Alijitupa kinyumenyume kwa uzito wake wote ili ajing'oe, akaanguka chali, na besi ile kubwa ikamwangukia kifuani ikamvunja mtulinga, na hata hivyo, akiwa amelala topeni chini ya ala ile, mikono yake ilipanda ikazitafuta nyuzi na kuzipata na kuendelea. Yule wa kwenye kiti hakumgeukia mtu. Aliinamia fidla yake, upinde ukipanda na kushuka, na harufu ya ulimbo ilizidi, ikawa kama ubani wa nyumba yenye maiti, na chini ya harufu hiyo udongo, na chini ya udongo kile kinacholala ndani ya udongo.

"Delphia," Verlin alisema kwa sauti ndogo. Hakuwa na utani tena. "Nikate mikono, dada. Shoka hilo hapo. Nikate."

Shoka la kuni lilikuwa kando ya jiko, hatua chache tu, lakini lilikuwa kama liko ng'ambo ya mto, kwa sababu mikono ya Delphia ilikuwa imefungwa kwenye banjo kama ya mwenzake. Lakini mvua ilikuwa inapeperushwa na upepo, na kila upepo ulipogeuka uliirushia banjo manyunyu, na ngozi ya ndama haijui kiburi mbele ya maji. Ilikuwa imelegea. Ikalegea zaidi. Sauti yake ikawa nzito, ikawa bubu, ikawa kama kidole kinachogonga godoro, na mwishowe Delphia alipiga nyuzi na pasitoke kitu kabisa. Papo hapo vidole vyake vikaachiwa. Alihisi vikitoka kwenye ule wimbo kama mtu anavyochomoa mkono kwenye mtego.

Akaitupa banjo na kulishika shoka.

Alikwenda kwa jini kwanza. Alimpiga katikati ya kifua kwa nguvu zake zote, na shoka likapita kwenye suti na kukata kitambaa cha mgongo wa kiti, bila kukuta mwili. Hapo jini aliinua kofia akamtazama, ikiwa kutazama ndilo neno lake. Taya lilikuwa la Emmett. Tabasamu lilikuwa la Emmett. Juu ya tabasamu, pale penye macho, ngozi ilikuwa imepita moja kwa moja toka shavu hadi kichwani, imekazwa kama ya ngoma. Akamwinamishia kichwa kwa adabu, kama mpigaji anavyompa mwenzake zamu, na kuendelea.

Delphia alirudi nyuma. Akatazama ile miguu ya jini inayoning'inia, na akili yake ikatulia mahali ambapo akili ya mtu wa duara hutulia hata anapokufa. Nani ameanza? Aliyeanza ndiye anyanyue mguu. Wimbo huu haukuanzwa na mgeni. Mgeni aliukuta njiani. Hana hata mguu wa kukanyagia, ndiyo maana anakanyaga kwa mguu wa mtu mwingine.

Aligeuka kwa Tamsin. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unapiga ardhi, puu, puu, puu, na kila ulipopiga uwanja wote ulitikisika. Ulikuwa umechimba shimo. Ngozi ya kifundo ilikuwa imegeuka rangi ya mzizi.

Delphia akapiga magoti mbele yake kwenye tope. "Tamsin. Nyanyua mguu, mpenzi. Umeanza wewe. Nyanyua tumalize."

"Nikinyanyua ataondoka."

"Verlin anakufa. Mtazame. Mtazame mikono."

Tamsin hakutazama. "Nyie mna watu nyumbani," alisema, polepole, upinde wake ukiruka. "Mimi nikirudi naikuta kofia yake msumarini. Niache kidogo tu."

"Siyo Emmett huyo."

"Najua," Tamsin alisema. "Lakini mikono ni yake."

Delphia aliukumbatia ule mguu kwa mikono miwili akavuta. Ni kama kuvuta nguzo ya ua. Akatia mpini wa shoka chini ya unyayo, akaukandamiza mpaka ukakaribia kuvunjika, na mguu ukaendelea kupanda kidogo na kushuka, puu, puu, usinyanyuke hata kimo cha kidole zaidi ya ulivyotaka wenyewe. Nyuma yake Verlin alikuwa ameacha kulia. Kichwa kilikuwa kimemlalia begani, mate na damu vikimtoka, na mikono, mikono ile bado ilikuwa inakimbia.

Nimeambiwa Delphia alimwomba msamaha kwanza. Alimwita kwa jina la utotoni, lile walilokuwa wakiitana wakati wakiiba tufaha kwenye shamba la mchungaji, na Tamsin akamtazama, na katika macho yake kulikuwa na kitu kilichojificha nyuma kabisa, kidogo, kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya nyumba inayoungua. Delphia akapiga.

Pigo la kwanza liliingia mpaka mfupani na kukwama. Tamsin alipiga yowe, na upinde wake haukukosa hata noti moja. Delphia alilichomoa shoka kwa kukanyaga paja la rafiki yake, akapiga tena, mfupa ukapasuka, akapiga tena na tena huku akiita msaada wa Mungu kwa sauti iliyokatika, damu ikimjaa mdomoni na machoni, mpaka shoka likafika tope la upande wa pili. Akaunyakua mguu ule kwa mikono yote miwili. Ulikuwa mzito kuliko mtoto aliyelala. Akasimama nao, akaunyanyua juu ya kichwa chake, ili duara zima liuone.

Na duara likauona. Adabu ni adabu, hata kwa jini. Ulikuwa mzunguko wa mwisho.

Waliupiga wote, kwa kasi ambayo hakuna mwanadamu anayepaswa kuisikia, Hoyt chini ya besi, Verlin na mifupa yake, Tamsin akimwaga damu kwenye shimo alilolichimba, na yule mume wa jirani akirukaruka juu ya kifundo chake kilichovunjika, na jini katikati yao ameinua uso wake usio na macho, na ule mguu mikononi mwa Delphia ukipiga hewa kwa mdundo ule ule, ukipiga, ukipiga, mpaka wimbo ukafika ukingoni na wote wakaacha pamoja.

Ikabaki mvua tu.

Kiti kilikuwa kitupu, fidla ya Emmett imelazwa juu yake, nyuzi zote zimelegea. Verlin alikuwa ameacha kupiga, na alipoacha kupiga aliacha na kupumua. Hoyt alitambaa kutoka chini ya besi mpaka kwa Tamsin, akamwekea kiganja juu ya jeraha na kumsomea ile aya ya kuzuia damu aliyoachiwa na bibi yake, huku Delphia akimfunga kwa mkanda wa banjo. Labda ilikuwa aya, labda ilikuwa mkanda. Damu ilisimama.

Ni baadaye, watu walipojaa na machela zikaja, ndipo Delphia alipojitazama mikono na kuona haina kitu. Waliutafuta mguu ule chini ya viti, kwenye majani, kwenye jiko. Walichopata ni alama topeni, zikitoka kwenye duara kuelekea mtoni. Zilikuwa za unyayo mtupu wa mwanamke, wa kushoto, na wa kushoto peke yake.

Mkuu wa polisi wa wilaya alimshikilia Delphia. Angemfunga, na mahakama isingesumbuka sana, kwa kuwa mashahidi waliliona shoka. Ila Tamsin alipozinduka hospitalini jambo la kwanza alilolisema, kabla hajaomba maji, ni kwamba yeye ndiye aliyemwomba amkate, kwa kuwa mguu ulikuwa umenasa. Alilirudia mbele ya kila aliyemuuliza. Basi wakamwachia.

Delphia alikwenda kumwona mchana, jua limejaa dirishani. Alikuwa ametoka kumzika Verlin, ambaye jeneza lake lilifungwa ili mama yake asiione mikono. Alikaa kwenye kiti cha wageni na hakujua pa kuyapeleka macho. Mwishowe akamuuliza kwa nini alidanganya.

"Sikudanganya, shoga," Tamsin alisema. "Moyo ulikuomba. Mdomo ndio uliokataa."

Wakashikana mikono wakalia, mmoja kwa Verlin, mmoja kwa Verlin na Emmett, na kwa kitambo ilikuwa kama zamani. Kisha Tamsin akasema kuna jambo moja ambalo hajamwambia mtu isipokuwa daktari. Mguu ule haupo, anajua haupo, lakini anausikia. Unyayo una baridi, una tope kati ya vidole. Na unapiga.

Daktari alikuwa amemweleza vizuri. Mtu aliyekatwa kiungo huendelea kukisikia, ni mishipa inayokumbuka, itapita. Delphia alilikubali neno hilo kwa shukrani, akamwambia Tamsin naye akubali. Alinyoosha mkono amchukulie maji ya kunywa pale kwenye meza ya kitanda.

Maji yalikuwa yanatikisika kwenye glasi. Viduara vidogo vilikuwa vinaanzia katikati na kukimbilia ukingoni, vikitulia, vikianza tena. Delphia aliiweka glasi sakafuni, na vile viduara vikawa vikubwa zaidi. Nje ya mlango muuguzi alikuwa anapita na sinia la dawa, na visigino vyake, bila yeye kujua, vilikuwa vimeanza kufuata mdundo.

"Tamsin," Delphia alinong'ona. "Wimbo ni wako. Nyanyua."

Tamsin alikuwa analia bila sauti. Akafunua shuka, akamwonyesha bandeji nyeupe pale mwili wake ulipoishia.

"Ninyanyue nini?"